Sufuria Juu ya Kipima-kelele

"Toa sufuria hiyo, Nyanjige! Unataka nifukuzwe kazi?"

"Punguza sauti, jirani. Au sheria ya kelele ni ya boti peke yake?"

Watu wa mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, wakaangua kicheko. Bituro, mlinzi wa kipima-kelele, hakucheka. Boti ikizidi mnong'ono, kile kidude huizima injini yake moja kwa moja, na mwenye boti haendi ziwani tena. Ndiyo maana siku hizi boti zote za Ukerewe hurudi kimya kama paka. Na leo Nyanjige amekifunika kwa sufuria yake ya ugali.

"Ni mama mkwe," Nyanjige akasema, sasa kwa upole. "Miaka yote alisonga ugali akisikia injini ya mume wangu Malima. Tangu boti zinyamaze, kila jioni anasema mwanawe hajarudi. Malima anakaa mbele yake, anamshika mkono, naye hamtambui wala hali kitu. Amebaki mifupa, Bituro. Leo tu, nimemwambia Malima afungue kizuia sauti."

Bituro akashika ukingo wa sufuria. Kabla hajaiinua, injini ikanguruma nyuma ya mwamba, du-du-du-du.

"Huyo! Mwanangu huyo!" Mama mkwe, bibi kizee, akatoka nyumba ya kando ya mwalo akicheka, mkononi mwiko. "Songeni ugali!"

Mkono wa Bituro ulibaki pale pale, ukiigandamiza sufuria, na injini ikaendelea kunguruma. Chini ya sufuria taa nyekundu iliwaka, ikazima, ikawaka.

"Bituro, baba, mbona umeng'ang'ania sufuria yetu?" bibi akaita. "Ilete tusonge, uingie ule nasi."