Usinyamaze, Baba

"Baba, usinyamaze! Sema chochote, hata ututukane!"

Masele alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa kisima, mdomo kwenye ufa. Asubuhi ile ukuta wa kisima ulikuwa umeporomoka. Magogo ya kuuzuia yalikwama katikati, udongo ukajaa juu yake. Chini ya magogo kulikuwa na watu wawili: Mzee Malale, baba wa boma lote lile, na Zakayo, kibarua wake kutoka Katumba.

Nani alimtuma mzee wa umri ule kushuka kisimani? Nani angeweza! Mzee Malale alikuwa hatumwi wala hakatazwi. Mvua ya mwaka ule wa tisini na sita ilikuwa imegoma, Kabungu nzima ng'ombe wanalia, naye akasema maji atayaona kwa macho yake mwenyewe. Binti yake Minza akamwambia, "Baba, si umwachie Zakayo?" Mzee akacheka tu, akashika kamba.

Minza huyohuyo ndiye aliyepiga mwano. Msukuma akiusikia ukunga ule, hata kama ana tonge mdomoni analitema. Wakaja na majembe na sururu, wengine vifua wazi.

Kitu cha kwanza walichosikia kwenye ufa kilikuwa kikohozi. Halafu sauti, nyembamba, imejaa vumbi, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Zakayo amekufa. Nimebaki peke yangu. Chimbeni."

"Masikini Zakayo," alisema mwenyekiti wa kijiji, huku anavua shati. "Haya jamani, tumtoe mzee!"

Kwa juu hapakugusika. Ukikanyaga vibaya, magogo yote yanashuka. Ikabidi wachimbe shimo jingine ubavuni, na ardhi yenyewe ngumu, jembe linaruka. Mwaka wa nyuma, kisima cha kule bondeni kilimfukia kibarua mmoja. Watu walichimba kidogo, wakachoka, wakasema ni mapenzi ya Mungu, wakasimika msalaba wa mti. Safari hii hakuna aliyechoka. Waliimba nyimbo za jembe, wakapokezana, na wanawake wakaleta maji ambayo hata ng'ombe walikuwa wamenyimwa.

Kazi ya Masele ilikuwa moja: baba yake asisinzie. Akisinzia mle ndani, amekwenda. Basi akaanza kumkumbusha maisha yake.

"Baba, unakumbuka tulivyotoka Shinyanga na ng'ombe, kwa miguu? Simba wananguruma usiku kucha, sisi watoto tunatetemeka, wewe unatuambia lile ni tumbo lako lina njaa!"

"Nakumbuka," sauti ikajibu.

Minza akainama naye. "Na mama aliposhikwa uchungu wangu, baba, ukampakia kwenye baiskeli kumpeleka Mpanda. Nikazaliwa porini, kabla mji haujaonekana. Ukaendelea kusukuma baiskeli huku unaimba."

"Nakumbuka, binti yangu."

Mama Masele alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, hajala tangu asubuhi. Akajisogeza hadi kwenye ufa.

"Wewe mwanaume umenitesa! Juzi tu umepanda juu ya bati kushindana na mafundi. Leo umeingia shimoni. Utakaa lini kitini kama wazee wenzako? Toka humo nikutukane vizuri!"

Sauti ikajibu: "Nisamehe, mama."

Wachimbaji wakacheka, wengine huku wanafuta machozi. Mama Masele hakucheka.

"Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniomba msamaha," alisema. "Jamani, mume wangu anakufa." Akaangua kilio.

Masele akaogopa. Akakumbuka dawa moja tu iliyobaki: kumkasirisha. Kulikuwa na habari moja ambayo mtu akiikosea mbele ya Mzee Malale, hata kama ni mgeni wa heshima, angekatizwa palepale. Ni ile ya kuvuka mto Ugalla, mzee akiwa amembeba ndama begani, maji yamemfika shingoni. Ndama yule ndiye aliyezaa kundi karibu lote la boma.

"Baba!" Masele akapaza sauti. "Pale Ugalla ulifanya vibaya. Ulimwacha ndama akachukuliwa na maji!"

Watu wakaacha kuchimba ili wasikie mzee atakavyowaka.

"Ndiyo, mwanangu," sauti ikasema. "Chimbeni."

Masele akainuka. "Baba hana nguvu hata ya kubisha! Chimbeni, nyie! Chimbeni!" Akampokonya jirani sururu, akaruka shimoni. Tangu hapo hakuna aliyeimba. Viganja vilipasuka, wakaendelea. Mwenyekiti alianguka kwa kizunguzungu, wakamvuta pembeni, mwingine akaingia.

Jua lilikuwa linazama sururu ya Masele ilipopenya. Akatupa sururu, akafukua kwa vidole. Mkono ukatokea, umejaa tope, unatingishika.

"Yu hai! Baba yu hai!"

Vigelegele vikapasua anga. Wanaume wakavuta, taratibu, mpaka mwili mzima ukatoka, tope tupu kuanzia utosini hadi nyayo. Mama Masele akawapangua wote, akapiga magoti, akakipakata kile kichwa. Akaanza kumfuta tope kwa ncha ya khanga yake, kwenye paji, kwenye macho, kwenye pua, huku anamwita majina ambayo watoto wake hawakuwahi kuyasikia.

Ghafla mkono wake ukasimama.

"Mzee alikata roho udongo uliposhuka tu," Zakayo alisema. "Mngechimba hivi kwa ajili yangu?"