Mkwe Aliyeshika Koleo

Soseji za mwanzo ziliwaka moto.

Si kuungua; ziliwaka hasa, mwali ukapanda hadi usawa wa miwani ya mwenye nyumba, ofisa mstaafu wa forodha, naye akaruka nyuma na koleo mkononi kama mtu aliyekanyaga siafu. Alikuwa amezimiminia asali na haradali zikiwa bado mbichi, maana hakuwa mtu wa kungoja.

"Zinashika rangi!" aliwatangazia wageni waliokaa kwenye viti vya plastiki uani.

Wageni wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyesogeza sahani.

Jua lote hilo na moshi wote huo ulikuwa kwa ajili ya mchumba wa binti yake. Wawili walishafukuzwa kwenye ua huu huu. Wa kwanza alitoa mkono legelege wakati wa kusalimiana. Wa pili hakuvua miwani ya jua alipoingia sebuleni. "Nimekaa mpakani nusu ya maisha yangu," mzee alipenda kusema. "Mtu akinisogelea tu, najua amebeba nini." Safari hii binti alimpigia simu na kumwambia kwa upole unaotisha: "Baba, ukimfukuza na huyu, tutafunga ndoa bila wewe." Akaongeza kwamba mwenzake atatokea kazini, na huenda akatangulia kufika. Jina lake alilitaja tena na tena. Mzee alilisahau kila lilipotajwa, na sasa aliona aibu kuuliza.

Kwa hiyo akamwagiza mkewe atafute jiko la kuchomea nyama, jiko la heshima. Mkewe akalipata: kubwa, jeusi, lenye magurudumu na mfuniko unaong'aa. Alilitoa wapi, mzee hakuuliza. Alikuwa na kazi ya kuwaeleza wageni jinsi alivyoliagiza ng'ambo.

Geti likagongwa. Akaingia kijana mrefu, shati limenyooshwa pasi, viatu havina hata vumbi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuchukua jiko."

Ua mzima ukageuka kumtazama. Kisha dada wa mwenye nyumba akapiga makofi na kelele za furaha hadi soda ikammwagikia mapajani. Jamani, kuna watu na watu! Wale wengine walijiumauma mchana kutwa bila kusema kilichowaleta. Huyu hata hajakaribishwa kiti, keshasema anataka mke.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Mzee alihisi kifua kikimpanuka. "Na mama je, mmeshaongea?"

"Tumeongea kwa simu. Aliniomba nivumilie hadi leo."

"Kumbe mimi ndiye wa mwisho kujua mambo ya nyumba yangu!"

Wageni wakacheka. Mkewe alikuwa ndani anasaga juisi, blenda inanguruma, hakusikia chochote.

"Na utalitunza?" mzee akauliza, akimkonyeza dada yake.

"Ndiyo kazi yangu, mzee."

"Mpe koleo!" dada akapaza sauti. "Tumwone mwanamume!"

Kijana akachungulia yale makaa yaliyokuwa soseji, akakunja mikono ya shati. "Basi ngoja niwasaidie, tumalize mapema."

"Ana haraka huyo!" Vicheko tena.

Kijana akasogeza mkaa upande mmoja, akapanga soseji mpya upande wa pili, akawa anazigeuza kikavukavu. Mzee akanyoosha mkono kuchukua bakuli la asali.

"Hiyo inapakwa mwishoni, mzee. Ukiitanguliza inaungua nje, ndani kunabaki kubichi."

Hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha mzee kwenye ua ule na akabaki kula. Leo mzee akarudisha bakuli mezani, mpole kama mtoto wa chekechea. Dakika za mwisho kijana akachovya brashi, akapaka, akageuza, akapaka tena. Soseji zikatoka zinang'aa kama kabati jipya. Watu wakala, wakalamba vidole, wakaulizana kama zimebaki. Dada mtu alijifungia mbili kwenye tishu, akazitia mkobani bila kumtazama mtu.

Mzee yeye hakula. Alikuwa anamtazama kijana, ambaye badala ya kukimbilia sahani alikuwa ameinama anafuta mfuniko kwa kitambaa, taratibu, na kukagua magurudumu moja baada ya jingine. Mtoto wa watu anaheshimu mali ya ukweni! Machozi yakamlengalenga. Akagonga chupa kwa uma.

"Ndugu zangu, mnanijua. Mimi mtu simuulizi maswali, namtazama. Huyu hana cha kuficha. Alichokifuata alikitaja pale pale getini. Basi mbele yenu nyote nasema: mwanangu, chukua! Kwa moyo mweupe kabisa, chukua!"

Makofi yakapigwa hadi majirani wakachungulia madirishani. Mzee akamkumbatia kijana, asali ikamganda shingoni.

"Asante, mzee," kijana alisema, ameduwaa kidogo. "Nyumba nyingine huwa hadi tugombane."

Geti likafunguka. Binti akaingia akihema, amemshika mkono mwanamume mfupi aliyebeba keki iliyoyeyuka upande mmoja.

"Baba, samahani! Nilimpitia kazini kwake, tukakwama njiani. Mchumba wangu huyu hapa."

Kijana akaweka koleo chini, akafuta mikono.

"Hongereni sana," alisema. "Sasa naomba watu wawili tulipandishe garini. Duka letu la kukodisha linakaribia kufungwa, na hili jiko lilitakiwa lirudi jana."