Kitabu Kisichokosea

Siku hizi vitabu na madaftari hujisahihisha: wazo likithibitika kuwa kosa, maandishi yake hufutika. Kitabu changu cha historia ya falaki, nilichokisoma darasa la jioni nikiwa na mimba ya Chiku, kilikuwa na kurasa mia tatu. Zenye maandishi zimebaki kumi na moja.

“Mama, watu walijuaje kama dunia ndiyo inayozunguka?” Chiku aliniuliza nikiwa namsuka nywele.

“Walianza kwa kukosea, mwanangu. Walidhani jua ndilo linalotuzunguka. Ngoja nikuonyeshe walivyobishana.”

Nikakifungua kile kitabu. Peupe. Nikakipiga kofi kitabu kama redio mbovu.

“Mama! Unampiga mwalimu!” Akacheka.

“Mwalimu gani huyu anayeficha alivyojifunza?” Nikamwekea daftari. “Haya, tuandike wenyewe. Anza: Asubuhi jua lilichomoza.”

Akaandika. Maneno yakayeyuka, yakaja mengine: Asubuhi dunia iligeuka.

Tukajaribu tena, hadi mara ya tano. Mara ya sita Chiku akanisukumia penseli.

“Andika wewe, mama. Mimi sitaki kukosea.”

Nikaishika. Nikajikuta natafuta sentensi ambayo daftari lingeikubali.