Pete Tumboni mwa Samaki-chura

Samaki-chura aliimeza pete kabla goti la mlishaji halijagusa sakafu.

Mlishaji alikuwa ameifunga kwa uzi mwembamba na kuiteremsha ndani ya tangi la jumba la maonyesho ya samaki, ining'inie mbele ya matumbawe, ili muuza tiketi wa mlangoni akija kutazama aione ikimeta. Alisahau jambo analowaeleza wageni kila siku: lile bonge la njano wanalodhani ni sifongo ni samaki. Hukaa tu kama mzigo uliosahaulika stesheni, na chochote kinachotikisika mbele ya mdomo wake hukiona chakula.

Muuza tiketi akafika, akabandika uso kwenye kioo.

"Kaka, mbona umepiga goti?"

"Nime... nimedondosha kitu."

Kuitwa kaka kulimchoma kidogo, lakini alijifariji: mapenzi huanza na heshima. Na dalili alikuwa nazo tele. Wiki nzima sasa, kila mchana, dada huyu aliwapita papa, akawapita kasa, akaja moja kwa moja hadi kwenye tangi hili, chakula chake cha mchana mkononi, hakijaguswa. Na maswali yake! Samaki-chura hula nini? Kisichomfaa hukitema? Baada ya muda gani? Nani angejali tumbo la samaki, kama si mtu anayetafuta kisingizio cha kukaa karibu na mlishaji? Mama yake mlishaji alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mkwe yuko njiani.

"Leo amekula?" aliuliza muuza tiketi.

"Amekula vizuri mno," mlishaji alijibu, jasho likimtoka.

"Atatema?"

"Namwomba Mungu."

"Hata mimi," alinong'ona muuza tiketi, akashusha pumzi.

Moyo wa mlishaji ukayeyuka kama siagi.

Wakakaa bega kwa bega. Samaki-chura akajikongoja kwa mapezi yake, hatua moja ya kivivu, kama mzee anayetafuta ndala chini ya kitanda. Akatulia. Akapiga mwayo. Akapiga mwingine, mpana zaidi. Mara tumbo likajikunja, mdomo ukafunguka kama pango, na pete ikachomoka, bila uzi wowote, ikazama taratibu hadi mchangani.

Mlishaji akadaka wavu, akaichota, akapiga goti upya bila hata kuitazama, maji yakimchuruzika hadi kwapani.

"Mpenzi, naomba..."

Hakumaliza. Muuza tiketi alipiga yowe, akamrukia shingoni, akalia kwa furaha hadi watalii wa kwenye tangi la papa wakageuka na kupiga makofi. Mlishaji akafumba macho. Mvumilivu, alijiambia, leo amekula mbivu.

"Ndiyo!" alilia muuza tiketi, akijivisha pete mwenyewe. "Ndiyo yenyewe, kaka! Pete yangu ya ndoa! Mume wangu amenuna wiki nzima, tangu iliponidondoka humu tangini!"