Kola Dirishani

Mama alivaa miwani ya kazi, akaikodolea macho picha kwenye kamera yangu. Kwa wiki tatu, tangu ninunue kamera hii ya mtumba, neno lake lilikuwa moja tu: "Ukungu."

Safari hii nilikuwa nimepiga picha kola ya shati aliloshona mwenyewe, nimelitundika dirishani.

"Nani kashona hii?"

"Wewe, mama."

"Uzi umelegea hapa kwenye ncha."

Miaka thelathini ya ufundi cherehani, hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo. Picha yangu ndiyo iliyomwonyesha. Kichwa kikanivimba, sifichi.

Mama akalishusha shati, akapapasa kola, akachukua wembe na kuufumua ule uzi. Akashona upya.

Halafu akalitundika mwenyewe palepale dirishani, akaielekeza kola kwenye mwanga.

"Haya, piga tena."