Simu Zote Zilie Mapokezi

Simu ya mapokezi ililia nikiwa nimelala sakafuni, damu imenijaa jichoni, na hapo hapo nikajua nimemponza karani.

Asubuhi ile nilikuwa naifungia ofisi yao mtambo mpya wa simu. Ili nijaribu laini, nilielekeza kila simu inayotoka ofisini ilie kwanza mapokezi. Sikuwa nimeondoa mpango huo mumewe karani alipoingia na nyundo. Karani akakimbilia stoo, kulikokuwa na simu nyingine ya ofisi, akajifungia. Nilipomzuia yule mume, alinipasua paji la uso.

Sasa alikuwa amesimama juu yangu, anahema. Nywele zangu zilikuwa zimenata kwenye nyundo.

Akanyanyua simu. Sauti ya karani nikaisikia hata mimi.

"Polisi? Njooni upesi! Nimejificha stoo, mume wangu anataka kuniua!"

"Tulia hapo hapo, mama watoto," akamjibu kwa upole. "Nakuja."

Akakata simu, akanicheka. "Fundi, umenirahisishia kazi."

Akaniruka kama gogo, akielekea stoo. Nikaudaka mguu wake, nikauma mshipa wa kisigino kwa meno yangu yote, na sikuachia hata nyundo iliposhuka.