Panya Waliotoka Angani

Panya walirudi kutoka anga za juu asubuhi ambayo Radhia alikuwa na mafua, kwa hiyo hakuruhusiwa kuwagusa. Yeye ndiye aliyewalea tangu wakiwa wachanga, lakini safari ilikuwa imewapunguzia kinga ya mwili, na chafya moja tu ingeharibu utafiti wote. Akasimama nje ya kioo, macho mazito kwa uchovu, akimtazama mwenzake Msellem akifungua kizimba.

Panya mmoja mweupe alijaribu kusimama. Miguu haikumbeba, akaanguka kiubavu.

"Nianze na huyu?" Msellem aliuliza. Sindano ya usingizi wa mwisho ilikuwa tayari mkononi. Baada ya hapo wangeutoa wengu wake, kiungo cha kinga ya mwili, na kuupima.

"Mwache kwanza atembee kidogo."

"Dada Radhia, akishatembea, mwili utakuwa umeanza kuizoea ardhi. Tutapima nini?"

Alijua. Utaratibu huo aliupanga mwenyewe, na wanaanga walioko huko juu walikuwa wakingoja kuambiwa kwa nini vidonda vyao haviponi. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Basi," akasema kwa sauti iliyokauka. "Anza na huyo huyo. Ila taratibu, Msellem."

Msellem akanyoosha mkono. Panya akajikokota, akapanda kiganjani na kukikumbatia kidole gumba kwa miguu yote minne, kama anayeogopa kuelea tena. Msellem hakusogea. Sindano ilibaki hewani, na ule mkia mwembamba ukazidi kujizungusha kwenye glavu.